Ukipewa faili rasmi la vituo vya matatu Mombasa: kuliingiza lote, kulikagua kipande kwa kipande, au kuanzia barabarani

Faili huja siku usiyoitarajia. Pengine ni mtumishi wa kaunti aliyekubali ombi lako, pengine ni mhandisi aliyepima barabara kabla ya kupanuliwa. Ni jedwali la Excel: safu ya majina, safu mbili za namba za mahali, mistari mia kadhaa, kila mstari kituo kimoja. Nawe unachora OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wenyewe mtandaoni, kwa kujitolea, na mtaa wako una vituo vya kuhesabu kwa vidole. Mkono unawasha. Usiku mmoja wa kazi, na asubuhi kaunti nzima ina vituo.

Njia za kulitumia faili hilo ni tatu, na zote nimezisikia zikitetewa na watu ninaowaheshimu. Ya kwanza ni kuliingiza lote kwa mkupuo. Ya pili ni kuliingiza kidogo kidogo, kila kituo kikikaguliwa kabla ya kuwekwa kwenye ramani. Ya tatu ni kuanza barabarani, vituo vichorwe na watu wanaovitumia, na faili libaki la kulinganishia.

Kabla ya kuzilinganisha, niseme kilichonifanya nilijali jambo hili. Shangazi yangu alikuja kututembelea, nami nikamwelekeza kwa simu hadi kituo nilichokiona kwenye ramani. Nukta ilikuwa upande usio wake wa barabara. Alisimama na mizigo yake mpaka magharibi ikaadhiniwa, matatu zote zikipita zikielekea kule alikotoka, naye haujui mji. Tangu siku hiyo swali langu kwa kila nukta ni moja: mtu akiifuata, atapanda gari?

Vigezo

*Ruhusa.* OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na tangu 2012 data yake inatolewa kwa ODbL, leseni ya hifadhidata huria. Yeyote anaweza kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje ilikotoka, na akisambaza hifadhidata aliyoijenga juu yake aitoe kwa masharti yale yale. Kwa hiyo faili lililoandikwa "si kwa biashara" haliwezi kuingia humo. Hapa kwetu watu huchanganya mambo mawili. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 iliyotokana nayo inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi. Lakini kupewa habari si kupewa ruhusa ya kuichapisha upya kwa leseni nyingine. Ruhusa hiyo iombwe kwa barua yake, itaje OpenStreetMap na ODbL kwa majina. Hata data iliyotolewa kwa CC BY 4.0, leseni inayoonekana pana, bado inahitaji kibali cha ziada cha mwenyewe. Tena uliza ni nani huyo mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba linaweka uchukuzi wa umma wa barabarani chini ya kaunti, ilhali barabara kubwa zenyewe ziko chini ya mamlaka za kitaifa kama KeNHA na KURA. Aliyekutumia faili huenda si mwenye faili.

*Mahali.* Kenya tunaendesha kushoto. Anayetoka Bamburi kuja mjini husubiri upande mmoja, anayekwenda Mtwapa husubiri upande wa pili. Ramani inataka nukta mbili, kila moja pale miguu ya abiria ilipo. Nukta moja katikati ya lami haimsaidii yeyote.

*Jina.* Jina la kituo ni lile makanga analolitamka na abiria akaitika "shukisha!" Kengeleni limepata jina lake kwa kengele ya Frere Town, makazi ya watu waliookolewa utumwani yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Hakuna anayepanda matatu akaomba kushushwa kwenye namba ya barabara na kilomita.

*Kazi.* Watu wangapi, saa ngapi, ujuzi gani, nauli kiasi gani.

*Matunzo.* Barabara ikichimbwa mwaka ujao na steji ikahama, nani atajua, na nani ataigusa nukta?

Njia ya kwanza: faili lote kwa mkupuo

*Ruhusa.* Hapa ndipo inapobana zaidi, kwa sababu unachukua kazi ya ofisi nzima na kuiweka ilivyo. Utaratibu wa OpenStreetMap unataka mpango uandikwe, ujadiliwe hadharani na wachoraji wenzako, na kazi ifanywe kwa akaunti ya pekee isiyochanganywa na michoro yako ya kila siku. Wengine huuona utaratibu huu kama urasimu. Mimi nauona kama kamba ya uokozi: kosa likigundulika, mkupuo mzima unafutwa bila kugusa kitu kingine.

*Mahali.* Hapa nitakaa kidogo, maana makosa ya mkupuo hayaji moja moja, huja mia tano kwa pamoja. Mombasa iko karibu na latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Alama ya kutoa ikipotea wakati jedwali linanakiliwa, vituo vyako vyote vinavuka ikweta na kutua kusini mwa Ethiopia. Safu mbili zikibadilishana nafasi, vinatua Uhispania, jirani na mji wa Toledo. Makosa hayo angalau yanaonekana mara moja. Lililo baya zaidi ni la kimyakimya: ramani nyingi za zamani za upimaji nchini zilitumia mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na ramani za mtandaoni zinatumia WGS84. Faili lisipobadilishwa mfumo, kila kituo kinahama kwa takriban mita 300. Kinabaki Mombasa, kinabaki karibu na barabara fulani, na kwa jicho la haraka kinaonekana sawa. Ukichagua njia hii, chukua vituo kumi unavyovijua kama chumba chako, kimoja Likoni, kimoja Changamwe, kimoja Nyali na kadhalika, uvitazame kabla ya kubonyeza lolote.

Liko pia suala la vituo ambavyo tayari vimo kwenye ramani. Programu ikiambiwa iunganishe nukta zilizo ndani ya mita 30, itaunganisha steji mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara, na upande mmoja utapotea. Ikiambiwa mita 5, itakiacha kituo cha zamani kando ya kipya, na Mwembe Tayari itaandikwa mara mbili.

*Jina.* Linaingia kama lilivyoandikwa ofisini. Mara nyingine ni sawa kabisa. Mara nyingine utapata herufi kubwa tupu, vifupisho, au jina la kituo cha mafuta kilichobadilisha mwenyewe zamani. Inawezekana kuliweka jina la faili kama jina rasmi na kuliacha jina kuu wazi mpaka mtu wa mtaa alijaze, nami naona huo ni uungwana kuliko kufuta Kengeleni na kuandika kitu kisichojulikana.

*Kazi.* Mtu mmoja anayeijua JOSM, programu ya kompyuta ya kuchorea OpenStreetMap, anaimaliza kwa siku chache. Sifa hii si ndogo. Wachoraji wa kujitolea hukaa zaidi Nyali na kisiwani. Ni nani atakayeweka vituo vya Miritini, Utange au Mtongwe? Faili halibagui. Anayetaka kujua ni kata zipi ziko mbali na usafiri anahitaji ramani iliyokamilika kila pembe, hata ikiwa na kasoro, kuliko ramani safi ya mtaa mmoja. Pia kila kituo huja na namba yake ya rejea, na namba hiyo ndiyo uzi wa kukiunganisha na faili la mwaka ujao.

*Matunzo.* Uingereza ina funzo hapa. Serikali yao ina orodha ya vituo iitwayo NaPTAN, yenye zaidi ya vituo 300,000. Kuanzia mwaka 2009 iliingizwa OpenStreetMap eneo kwa eneo, na nukta zikawekewa alama ya kwamba hazijathibitishwa, ili mchoraji akipita aihakiki na kuifuta alama. Wako waliopita na kuhakiki kwa bidii, na yako maeneo ambako alama zilibaki miaka na miaka. Faili linaweza kuingia kwa siku moja, lakini watu wa kulitunza hawaji pamoja nalo.

*Inamfaa:* kikundi chenye barua ya ruhusa mkononi, chenye mtu wa ufundi anayeaminika, kinachokabili eneo tupu, na chenye haja ya picha nzima ya kaunti upesi.

Njia ya pili: kipande kwa kipande, kila kituo kikikaguliwa

*Ruhusa.* Sharti ni lile lile. Kwenda polepole hakupunguzi hitaji la barua, ingawa wako wanaodhani kituo kimoja kimoja si kuingiza data.

*Mahali.* Kaunti unaigawa kwa kaunti ndogo zake sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni, halafu kila moja unaikata vipande ambavyo mtu anaweza kumaliza jioni moja. Kwa kila mstari wa faili mkaguzi anaamua jambo moja kati ya manne. Kituo kipo tayari: ongeza namba ya rejea tu. Kipo lakini kimekaa vibaya: kisogeze. Hakipo na picha ya setilaiti inaonyesha kibanda au mahali pa matatu kuingia pembeni: kiongeze. Sijui: kibaki nje mpaka mtu aende. Hilo la nne ndilo linaloitofautisha njia hii na ya kwanza, kwa sababu linakubali kwamba faili laweza kukosea na jicho la mkaguzi nalo laweza kukosea.

Picha ya setilaiti yenyewe isiabudiwe. Pale Makupa palikuwa na barabara ya kujazwa udongo mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022. Picha ya kabla ya hapo inakuonyesha dunia isiyokuwepo tena.

*Jina.* Mkaguzi mwenyeji atalisahihisha palepale. Mkaguzi aliye mbali hataweza. Chukua Feri. Makanga akiita "Feri! Feri!" kisiwani, ni upande wa kisiwani. Ng'ambo ya pili ya kivuko kuna steji nyingine, ya magari ya kwenda kusini, nayo ina feri hiyo hiyo mbele yake. Faili lenye "Ferry" mara mbili linahitaji mtu aliyevuka Likoni kwa miguu, akajua ipi ni ipi.

*Kazi.* Tuseme faili lina vituo 600 na kila kimoja kinakula dakika tatu. Hizo ni saa 30. Watu sita wakigawana ni saa tano kila mmoja, jioni mbili au tatu. Tatizo ni kwamba watu sita huja jioni ya kwanza, watatu jioni ya pili, na kipande cha Jomvu kinabaki nusu hadi mwaka uishe. Ukiichagua, mpate msimamizi mmoja wa kufuatilia vipande vilivyobaki, na muda wa mwisho unaojulikana na wote.

*Matunzo.* Ni mazuri kuliko ya njia ya kwanza, kwa sababu kila kituo kimepita mbele ya jicho la mtu na vile vya shaka vimeandikwa kando. Namba za rejea zipo, kwa hiyo faili jipya likija utaona kilichobadilika bila kuanza upya.

*Inamfaa:* kundi lenye watu watano au zaidi wanaoweza kukutana, mtaa ambao una vituo vya zamani visivyofaa kukanyagwa, na faili ambalo limejaribiwa kwa vituo kumi likaonekana sawa kwa sehemu kubwa.

Njia ya tatu: kuanzia barabarani

*Ruhusa.* Ni rahisi kuliko zote. Ulichokiona kwa macho yako ni chako kukichora. Lakini kama faili la ofisi halina kibali, usilifungue pembeni unapochora, hata kwa "kuhakikisha" tu. Kuchungulia Google Maps na kunakili nako kumekatazwa.

*Mahali.* Simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kwa takriban mita tano. Kati ya majengo marefu ya Moi Avenue au vichochoro vya Mji wa Kale inakosea zaidi, hivyo sogeza nukta kwa kutazama jengo lililo karibu, usiiamini simu peke yake. Faida yake kubwa ni kwamba unaona matatu zinaposimama kweli. Data ya Uingereza niliyoitaja inatofautisha kituo chenye nguzo na kituo cha mazoea, yaani mahali ambapo basi husimama bila alama yoyote. Wao hiyo ni aina mojawapo. Sisi, kwenye njia nyingi za Kisauni na Likoni, hiyo ndiyo desturi. Steji ni mwembe, ni kibanda cha mahamri, ni kona ya msikiti. Faili la mhandisi lina vibanda vilivyojengwa, na abiria wamesimama hatua mia mbele yake kwenye kivuli.

Hapa panazuka ubishi wa haki. Matatu husimama pia kwa sababu ya foleni, au ya askari, au kwa kuwa abiria mmoja amegonga bodi. Hicho si kituo. Kipimo changu ni kukaa hapo nione magari matatu tofauti yakisimama na watu wakiwa tayari wanangoja kabla hayajafika. Wachoraji wengine wanataka pia wamuulize mwenye duka la jirani, nami sioni ubaya.

*Jina.* Hakuna njia inayoishinda hapa. Unakaa karibu na mlango na kusikiliza: Saba Saba, Buxton, Lights, Bombolulu, Mtambo. Ukisikia majina mawili ya mahali pamoja, yote yanaingia, moja likiwa jina kuu na jingine jina mbadala.

*Kazi.* Ni nzito. Nauli zinalipwa, bando linalipwa, na simu iliyo mkononi dirishani ni mwaliko kwa mwizi. Fanyeni wawili wawili, mmoja arekodi, mmoja aangalie. Kwa kazi ndogo programu ya StreetComplete inasaidia sana: ukisimama karibu na kituo kilichochorwa, inakuuliza kama kina kibanda, kama kina benchi, kinaitwaje. Kwa kazi kubwa upo mfano wa Nairobi. Mradi wa Digital Matatus uliwaunganisha watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, Marekani, na wanafunzi wakapanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi zaidi ya njia 130, na ramani ikatolewa mwaka 2014. Iliwezekana. Lakini ulikuwa mradi wenye vyuo nyuma yake, haukuwa kazi ya Jumamosi ya watu wanne.

*Matunzo.* Aliyepanda gari kuchora kituo hupita hapo tena wiki ijayo, na kikihama ataona. Udhaifu ni mbili. Vituo havina namba ya rejea, kwa hiyo kaunti ikitaka kulinganisha na orodha yake itahangaika. Na ramani inafuata nyumbani kwa wachoraji: mtaa usio na mchoraji unabaki tupu, na mara nyingi ndio mtaa unaohitaji usafiri zaidi.

*Inamfaa:* wenye ari na muda, wasio na ruhusa bado, au wenye mtaa ambao faili na hali ya barabara vimeachana sana.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama faili limefika bila barua, suala la kuingiza halijafika. Andika ombi la ruhusa wiki hii, na wakati ukisubiri fanya njia ya tatu kwenye barabara moja unayoipanda kila siku.

Kama una ruhusa na vituo kumi vya majaribio vimekaa sawa, tazama ramani ya eneo kwanza. Palipo patupu, mkupuo mdogo wa eneo hilo peke yake si dhambi, mradi nukta ziwekewe alama ya kuhakikiwa na jina la mtu anayeahidi kuzipitia. Palipo na vituo vya wenyeji, hasa kisiwani na kando ya barabara ya Malindi, nenda kipande kwa kipande.

Kama vituo vitatu au zaidi kati ya kumi vimekosea, tafuta sababu kabla ya kuamua. Vikiwa vyote vimehama upande mmoja kwa umbali ule ule, ni mfumo wa vipimo. Rekebisha na ujaribu tena. Vikiwa vimetawanyika ovyo, faili limepimwa vibaya au limezeeka, na njia ya tatu itakuchukua muda mfupi kuliko kusahihisha.

Kama unafundisha vijana wa shule au chuo, waanzishe barabarani hata kama faili ni zuri. Wakishasimama Kongowea saa kumi na mbili jioni wakaona watu wanavyopanda, watakagua faili kwa jicho jingine.

Kama mko wawili tu, msiahidi kaunti nzima. Chukueni Likoni, pande zote mbili za feri, mwandike kila steji na magari yake yanaelekea wapi. Mgeni anayeshuka kivukoni na mizigo usiku anahitaji kujua asimame wapi.